Akili Ikiwa Bado Ipo: Tiba Shufaa kwa Wagonjwa wa Ini



Kuna maneno ambayo ndugu wa mgonjwa wa ini huyasikia wodini: "Mchukueni, mkakae naye nyumbani." Daktari huyasema kwa upole, ndugu huitikia kwa kichwa, na karatasi ya ruhusa huandikwa. Kwenye karatasi hiyo kuna vidonge vya kukojoza, pengine na vitamini. Hakuna lililoandikwa kuhusu siku atakayoanza kuweweseka, usiku atakaotapika damu, wala nini kifanyike tumbo likijaa tena baada ya wiki 2. Familia inafika nyumbani na mgonjwa mahututi, ikiwa na maelekezo machache kuliko yale anayopewa mtu aliyenunua jiko la gesi.

Hoja yangu ni kwamba mgonjwa huyu alistahili tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso na kuisaidia familia yake, miezi mingi kabla ya siku hiyo. Na kwa ugonjwa wa ini, kuchelewa kuna hasara ya pekee, kwa sababu akili ya mgonjwa inaweza kuondoka kabla ya pumzi yake. Anayesubiri mpaka mwisho ndipo amuulize mgonjwa anataka nini atakuta hakuna wa kumjibu.

Niseme kwa ufupi ini linavyoharibika. Virusi vya homa ya ini B na C, pombe, na mafuta yanayojazana kwenye ini la mtu mwenye kisukari au unene uliozidi, yote haya huacha kovu juu ya kovu kwa miaka, mpaka ini linakuwa gumu na kusinyaa. Hiyo ndiyo sirosisi. Damu inayotoka kwenye utumbo imezoea kupita ndani ya ini. Sasa inakuta njia imebana, inarudi nyuma kama mto uliowekewa kizuizi, na kutafuta njia za pembeni. Mishipa ya umio huvimba na inaweza kupasuka. Tumboni maji huvuja na kujaa. Mtu anaweza kuishi na sirosisi miaka 10 na zaidi bila kujua. Lakini yakishajaa maji tumboni, au ikishatoka damu, au akili ikishavurugika kwa mara ya kwanza, hesabu inabadilika. Kwa wastani hubaki kama miaka 2, asipopandikizwa ini jingine.

Angalizo moja, maana najua wapo hapa watu wa Kanda ya Ziwa. Si kila aliyevimba tumbo na kutapika damu yuko ukingoni. Kichocho cha tumbo, kilichoenea sana kandokando ya Ziwa Viktoria, hubana mishipa ya ini huku ini lenyewe likiendelea kufanya kazi. Mtu wa namna hiyo akifungwa mishipa ya umio kwa mpira kupitia endoskopi, na akapewa propranololi, anaweza kurudi kwenye mtumbwi wake. Kwa hiyo kabla hatujasema maneno ya "mkakae naye", tuwe na hakika tunajua anaumwa nini.

Lipo pia jambo la aibu. Mgonjwa wa saratani ya titi huletewa matunda na pole. Mgonjwa wa ini huletewa maswali: alikuwa anakunywa nini? Ni kweli gongo na chang'aa zimeua wengi, na bia za dukani nazo. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na homa ya ini B, na kwamba homa za ini za virusi ziliua watu milioni 1.3 mwaka huo. Wengi katika bara letu waliambukizwa wakiwa watoto wachanga au wadogo, kabla hawajajua hata harufu ya pombe. Tanzania ilianza kuwachanja watoto dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakupata kinga hiyo. Mimi naenda mbali zaidi: hata yule aliyejimaliza kwa pombe anastahili kufa bila maumivu. Hatumuulizi dereva aliyevunjika mguu alikuwa na mwendo gani kabla ya kumpa dawa ya kutuliza.

Huduma tunayoizungumzia ina historia, na historia hiyo inaeleza kwa nini wagonjwa wa ini waliachwa nje. Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii, kisha daktari, alifungua Hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967. Huku kwetu Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akaja na jambo ambalo wengi waliona haliwezekani: mofini ya kunywa, inayotengenezwa kwa unga wa mofini, maji na kihifadhi, kwa gharama ambayo maskini anaimudu. Mwaka 2004 Uganda ikabadili kanuni zake, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe, maana vijijini daktari ni wa kutafutwa kwa tochi. Tanzania nayo, kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road na hospitali za makanisa kama Selian na Muheza, ikajenga huduma yake.

Saratani na UKIMWI ndiyo magonjwa yaliyoizaa huduma hii Afrika Mashariki. Saratani ikishasambaa, mwendo wake unaonekana, na daktari anaweza kuthubutu kutaja miezi. Ugonjwa wa ini hauendi hivyo. Leo mgonjwa yuko hoi, macho ya manjano, hamtambui mwanawe. Wiki ijayo, maji yakishatolewa na maambukizi kutibiwa, anaomba ugali na gazeti. Daktari aliyemwona akifufuka hivyo mara mbili anaogopa kuita watu wa tiba shufaa mara ya tatu, asije akaonekana amekata tamaa. Basi kila mtu anangoja, na mara ya nne haina kuamka.

Mwaka 2022 Chama cha Marekani cha madaktari wa ini kilitoa mwongozo unaosema wazi kwamba tiba shufaa itolewe kwa kila mgonjwa ambaye sirosisi yake imeanza kuleta madhara niliyoyataja, yaani maji tumboni, kutoka damu au akili kuvurugika, awe anangojea kupandikizwa ini au la. Maana yake ni kwamba huduma hii huenda bega kwa bega na tiba. Mgonjwa wa homa ya ini B ataendelea kumeza tenofovia, aliyevimba mishipa ataendelea kufungwa mishipa, na wakati huohuo kuna mtu anayeshughulikia maumivu, usingizi, hofu na mambo ya nyumbani kwake.

Sasa nije kwenye akili, ambako nitakaa kidogo.

Ini likishindwa kusafisha damu, sumu zinazotoka kwenye utumbo, amonia ikiwa mojawapo, hupanda hadi kwenye ubongo. Mwanzo wake ni mdogo mno. Mgonjwa analala mchana na kukesha usiku. Muuza duka anaanza kukosea chenji. Mwalimu mstaafu anaandika jina lake na herufi zinapandana. Akinyoosha mikono mbele na kukunjua viganja, vinapigapiga chini vyenyewe. Baadaye anatukana watu ambao hajawahi kuwatukana, anavua nguo sebuleni, anakojoa kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Familia inasema amepandisha jini, au kuna mtu amemfanyia kitu, na fedha iliyobaki inakwenda kwa mganga. Mke anayetukanwa na mume aliyemuuguza miezi 8 anaumia kwa namna ambayo hakuna kidonge cha kuitibu, isipokuwa kuambiwa mapema kwamba ni ugonjwa unaosema.

Na mara nyingi hali hiyo hurudishwa nyuma. Kinachoichochea hujulikana: kufunga choo, maambukizi, damu inayovuja tumboni, mwili kukauka maji, au vidonge vya usingizi alivyopewa na mtu mwenye nia njema. Dawa yake kubwa ni ya kunywa, laktulosi, na kipimo cha kama imefanya kazi ni choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Chini ya hapo, ongeza. Akianza kuharisha, punguza, maana kuharisha kukimkausha maji atavurugika tena. Mtu yeyote wa nyumbani anaweza kuyajua haya. Nawashauri wanaouguza wamwekee mgonjwa daftari, kila asubuhi aandike jina lake na tarehe. Siku mwandiko ukiharibika, usingoje jioni. Uliza choo, pima joto la mwili, mpeleke hospitali.

Lakini hata laktulosi ina mwisho. Ndiyo maana mazungumzo na mgonjwa kuhusu anachotaka yafanyike mapema, akili ikiwa bado ipo. Nilimsikia muuguzi mmoja akiyafanya, nami nitayarudia kama nilivyoyasikia, kwa sababu wanafunzi huniuliza, "Naanzaje?"

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu unavyokwenda?"

"Naona maji yanarudi upesi kuliko zamani."

"Ni kweli, yanarudi upesi. Ungependa nikueleze sisi tunavyoona, au nimweleze mtu wa nyumbani?"

"Mwite mama watoto kwanza. Kisha useme tukiwa wote."

Mke akaitwa. Muuguzi akasema bila kuzungukazunguka kwamba ini limechoka sana, kwamba wataendelea kumtibu, na kwamba kuna siku anaweza kuvurugika akili. Kisha akauliza, "Ikitokea siku hiyo huwezi kutujibu, nani akujibie, baba?"

Mzee akakaa kimya. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa anasimamia kila kitu, alikuwa nje barazani. "Si kaka," akasema. "Binti yangu wa pili. Na shamba lisiuzwe kwa ajili yangu."

Mambo mawili, na hakuna ndugu ambaye angeyakisia. Bila swali lile, kaka angeamua, na shamba lingeuzwa kwa nia njema kabisa.

Najua pingamizi. Mtaniambia, daktari, sisi hatumwambii mgonjwa habari mbaya, tunamwambia mkubwa wa familia. Desturi hiyo naiheshimu, nami nimelelewa humo. Lakini tazameni muuguzi alivyofanya: hakumlazimisha mzee kusikia, alimuuliza anataka habari zipitie kwa nani. Mgonjwa akisema "mwambieni mwanangu, mimi sitaki kujua," hilo ni jibu lake na tunalifuata. Kosa ni sisi kumjibia. Mwislamu anataka kuandika wasia na kulipa madeni angali na akili timamu; Mkristo anataka padri au mchungaji, pengine kusuluhishana na mtoto aliyekosana naye. Tukimficha, tunamnyang'anya vyote hivyo, halafu tunasimama makaburini kuuliza kama kuna anayemdai marehemu.

Tumbo. Maji yakishajaa hata kupumua kunakuwa taabu, chakula hakiingii, kulala chali haiwezekani. Vidonge vya kukojoza, spironolaktoni na furosemidi, husaidia mpaka figo zinapokataa. Baada ya hapo maji hutolewa kwa sindano, lita kadhaa kwa mara moja, na yakizidi lita 5 mgonjwa anatakiwa kupewa albumini mshipani ili shinikizo la damu lisianguke. Albumini ni ghali, hilo silifichi. Inapokosekana, ni afadhali kutoa maji kidogo kidogo kuliko kumwacha mtu akitweta. Mgonjwa anayejulikana angepewa siku yake maalumu ya kutolewa maji, aingie asubuhi na kutoka jioni, badala ya kupangwa upya foleni ya dharura kila wiki 2 kama mtu anayeonekana hapo kwa mara ya kwanza. Hilo halihitaji mashine yoyote. Linahitaji daftari na mtu wa kulisimamia.

Kinachoyarudisha maji ni chumvi. Hapa pwani yetu ina mtihani: ng'onda na papa mkavu ni chumvi tupu, na vile vipande vya mchuzi vya kufungua kwenye karatasi navyo ni chumvi. Tumieni ndimu, tangawizi, bizari, nazi. Ila msimnyime protini. Yale maelekezo ya zamani kwamba mgonjwa wa ini asile nyama, mayai wala maharage yamekwisha pitwa na wakati, lakini bado nayasikia wodini. Misuli yake inaliwa na ugonjwa, ukimnyima protini unausaidia ugonjwa. Mpe maharage, choroko, mayai, maziwa, samaki mbichi, dagaa wasiotiwa chumvi. Na asilale njaa. Ini lililosinyaa haliwezi kuweka akiba ya sukari, hivyo usiku mmoja bila chakula unaweza kuumaliza mwili wake kama siku 2 au 3 za njaa zinavyommaliza mtu mwenye afya. Kikombe cha uji wa maziwa kabla ya kulala ni dawa. Ramadhani inapoingia, wagonjwa wangu Waislamu huniambia wataona aibu kula mchana. Nawarudisha kwa mashehe wao, na mashehe huwaambia kwamba dini imempa mgonjwa ruhusa.

Maumivu. Dawa hatari kuliko zote kwa mgonjwa wa ini inauzwa kila duka la dawa bila cheti: diklofenaki, na ndugu yake ibuprofeni. Zinaua figo na kuchokonoa mishipa ivuje damu. Ajabu ni kwamba watu huzimeza hizo na kuikimbia parasetamoli, wakidhani ndiyo yenye kuua ini. Parasetamoli isiyozidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500 vilivyogawanywa kutwa, ndiyo salama zaidi kwake. Isipotosha, kuna mofini, kwa dozi ndogo kuliko kawaida na kwa nafasi ndefu zaidi kati ya dozi, daima pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga choo na choo kikifunga akili inavurugika. Figo zikiwa zimeanza kushindwa, uangalifu uongezwe mara mbili. Kuna madaktari ambao kwa sababu ya mitego hiyo hukataa kuiandika kabisa. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Mgonjwa wa saratani ya ini anayelia usiku kucha hawezi kujibiwa kwamba dawa yake ina masharti.

Muwasho nao usidharauliwe. Nimeona ngozi iliyokunwa kwa gunzi la mahindi mpaka ikatoka damu. Zipo dawa, kolestiramini na hata sertralini, na kucha zikatwe fupi.

Kuhusu damu nitasema haraka, kwa sababu inatisha kuliko inavyohitaji maelezo. Ikiwa mgonjwa na familia wamekubaliana kwamba atabaki nyumbani, waambiwe kwamba anaweza kutapika damu nyingi na kufa kwa dakika chache. Waweke karibu na kitanda shuka au vitenge vya rangi iliyokolea, vyekundu au vyeusi, maana damu kwenye shuka jeupe haitoki machoni mwa watoto. Wawe na glavu. Waambiwe wamlaze ubavu, mmoja amshike mkono, watoto watolewe nje. Na kama hawakukubaliana kubaki nyumbani, basi namba ya gari iwe ukutani, na fedha ya mafuta iwe tayari.

Narudi kwenye shamba la yule mzee, maana mali kama hiyo huuzwa kwa tumaini la kupandikizwa ini. Kupandikizwa ini ndiko kunakoponya sirosisi, na wengi wa watu wetu wanaokupata hukufuata India, wakiwa na ndugu wa kukatwa kipande cha ini lake. Wapo walioenda wakarudi wazima, nami nimewaona. Lakini pia nimeona vikundi vya WhatsApp vya michango vikihangaika kumpeleka mtu ambaye saratani ya ini imekwisha toka nje ya ini, mtu ambaye hakuna daktari wa upandikizaji angempokea. Akafia ugenini, na mchango wa pili ukaanza, wa kusafirisha mwili. Kabla hamjauza kitu, mwombeni daktari awaandikie mambo mawili: ugonjwa umefika wapi, na je, hospitali mnayoiendea imezisoma karatasi zake ikakubali kumpokea? Kazi ya mtu wa tiba shufaa ni pamoja na kukaa na familia kuuliza maswali haya bila haya, kwa sababu yeye haishi kwa kamisheni ya safari.

Kwa wakubwa wa afya mlioko hapa: duniani kote ni kama asilimia 14 tu ya wanaohitaji tiba shufaa wanaoipata, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na Baraza la Afya la Dunia liliziomba nchi wanachama mwaka 2014 ziingize huduma hii kwenye mifumo yao. Laktulosi na mofini ya kunywa ziwepo hospitali ya wilaya. Tabibu na muuguzi waliofundishwa waruhusiwe kuandika mofini, kama Uganda ilivyofanya miaka zaidi ya 20 iliyopita.

Na kwa mnaouguza nyumbani. Yule anayelala na mgonjwa, anayefua mashuka yake na kukata kucha zake, mpeni zamu za kupumzika. Kisha, kama ugonjwa wa ini umetokana na homa ya ini B, yeye na kila mtu wa nyumba hiyo waende kupimwa. Kipimo ni tone la damu na jibu hupatikana kwa dakika chache. Atakayekutwa nacho kirusi afuatiliwe mapema, kabla ini halijasinyaa. Asiye na maambukizi wala kinga achanjwe: ni sindano 3, ndani ya miezi 6.